Jinsi ya kujenga mfumo kwa mizunguko mifupi: mwongozo kwa timu ndogo

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa cha chama kimoja cha ushirika, nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Foleni ilikuwa ya watu arobaini hivi, kila mmoja na ndoo yake. Karani alishika simu tuliyompa jana yake, na ndani ya simu ulikuwemo mfumo tulioutengeneza kwa miezi saba. Akaingiza jina la mtumiaji, akaingiza nywila, akachagua kituo, akachagua zamu, akamtafuta mkulima kwenye orodha ndefu, akaandika lita, akabonyeza "hifadhi", kisha akasubiri mtandao. Kiduara kikazunguka. Mkulima wa tano alipofika mezani, karani aliilaza simu pembeni akavuta daftari lake. "Mwanangu," akaniambia bila hasira, "maziwa hayasubiri."

Mfumo ule ulifanya kila kitu kilichoandikwa kwenye waraka wa mahitaji. Bodi ya chama ilikuwa imeusoma waraka na kuutia saini. Timu yetu haikuzembea, tulikesha. Ila mtu ambaye angeutumia kila alfajiri hakuugusa hata mara moja kabla haujakamilika. Makosa madogo ya miezi saba yakamfikia yote kwa mpigo, asubuhi moja, mbele ya watu.

Tulianza upya kwa njia ambayo watu wa programu huiita ajaili: unajenga vipande vidogo, kwa mizunguko mifupi, na mtumiaji anashika kila kipande kinapotoka. Nitaeleza namna ya kuifanya kwa timu ya watu watatu hadi kumi. Mifano mingi nitaitoa kwenye kazi ile ya maziwa, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha.

Ilikotoka

Njia ya zamani huitwa maporomoko ya maji: kukusanya mahitaji yote, kusanifu yote, kuandika msimbo wote (maelekezo ambayo kompyuta huyafuata), kujaribu yote, kukabidhi. Kila hatua inamwagikia inayofuata na hakuna kurudi nyuma. Mchoro wake maarufu hutajwa kuwa wa mtaalamu wa programu Winston Royce, kwenye makala yake ya 1970. Wengi walioufuata mchoro hawakufika mbali kwenye makala, kwani Royce mwenyewe aliandika kwamba kuifanya kazi hivyo ni hatari na kunakaribisha kushindwa.

Februari 2001, watu 17 walikutana Snowbird, kwenye milima ya Utah, Marekani. Walikuwepo Kent Beck, aliyekuwa ameijaribu njia yake kwenye mfumo wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler. Ken Schwaber na Jeff Sutherland, walioitambulisha mwaka 1995 skramu, njia ya kupanga kazi ya timu kwa mizunguko mifupi yenye vikao maalumu. Martin Fowler, Ward Cunningham na wengine. Kila mmoja alikuwa na njia yake, lakini walikubaliana juu ya azimio fupi la ajaili, lenye mambo manne na kanuni 12. Waliweka watu na mazungumzo yao mbele ya taratibu na zana. Programu inayofanya kazi mbele ya nyaraka nene. Ushirikiano na mteja mbele ya kuvutana kwenye mkataba. Na kuitikia mabadiliko mbele ya kung'ang'ania mpango. Waliandika pia kwamba vile vya upande wa pili vina thamani yake. Nasisitiza hapa kwa sababu nimeona timu zikitupa nyaraka zote na kusema ndiyo ajaili. Azimio halisemi hivyo.

Hatua ya 1: Mpate mwenye kauli na mwenye mikono

Unahitaji watu wawili upande wa mteja. Wa kwanza ni mwenye kauli, yaani mtu mmoja anayeweza kusema "hili kwanza, lile baadaye" bila kusubiri kikao cha bodi. Skramu humwita mwenye bidhaa. Kwetu alikuwa meneja wa chama. Awe mmoja, si kamati, maana kamati itakupa vipaumbele kumi na vyote vitakuwa namba moja.

Wa pili ni mwenye mikono, atakayeutumia mfumo kila siku. Kwetu ni karani yule yule. Tuliporudi kumwomba msamaha na kumwomba tena muda wake, alikubali kwa sharti kwamba tuwe tunakuja sisi kituoni, yeye asiitwe mjini. Sharti hilo lilitufaa kuliko alivyojua.

Hatua ya 2: Kaa pale kazi inapofanyika

Kabla ya kuandika msimbo, nenda ukakae. Salimia, tafuta kigoda, angalia. Usimuulize mtu "ungependa mfumo ufanye nini?", kwa kuwa atakujibu kwa heshima kile anachodhani unataka kusikia. Muulize "jana ulifanyaje?", kisha "hebu nionyeshe".

Asubuhi ya kwanza tu tuliona jambo ambalo halikuwemo kwenye waraka wetu wote. Mizani ya pale inasoma kilo, si lita. Ukutani pamebandikwa karatasi iliyochakaa yenye safu mbili, kilo huku na lita kule, kwa sababu maziwa ni mazito kidogo kuliko maji na kilo 10 zake ni kama lita 9.7. Karani akipima hutazama mizani, hutazama karatasi, ndipo huandika. Mfumo wetu wa kwanza ulimtaka aandike lita. Tulimwachia yeye hesabu, sisi tukachukua jibu.

Jambo la pili: ndoo nyingi zililetwa na watoto wanaopitia pale wakienda shule. Mtoto hajui namba ya uanachama ya baba yake. Karani anawajua kwa sura na kwa nyumba wanazotoka, ndiyo maana daftari lake lilikwenda haraka kuliko simu yetu.

Siku mbili za kukaa zinatosha kuanzia.

Hatua ya 3: Andika kadi

Kila hitaji liandike kwenye kadi moja, karatasi ngumu ya ukubwa wa kiganja. Tumia sentensi moja yenye nani, anataka nini na kwa nini. Nyuma ya kadi andika mambo yatakayokuthibitishia kwamba limefanyika. Kadi yetu ya kwanza ilisomeka hivi:

Mimi karani nataka kuandika kilo za mkulima kwa namba yake peke yake, ili foleni isisimame.

Na nyuma yake:

Nikiandika 112, jina la mkulima litokee kabla sijaweka kilo.
Kilo 6.5 zigeuke lita zenyewe.
Mtandao usipokuwepo, kumbukumbu ibaki kwenye simu na itumwe baadaye.
Mkulima huyo akirudi asubuhi hiyo hiyo, simu iniulize kwanza kama ni mara ya pili kweli.

Ron Jeffries, mmoja wa wale 17, alieleza kwamba hitaji la namna hii lina sehemu tatu: kadi, mazungumzo na uthibitisho. Kadi inakukumbusha tu kwamba kuna mazungumzo ya kufanya. Ndiyo maana ni ndogo. Ukiona unaijaza maandishi mpaka pembeni, acha kuandika, mpigie karani.

Kadi iwe ya ukubwa unaoweza kumalizwa kwa siku mbili au tatu. Hapa ndipo timu changa hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tulikuwa na kadi iliyoandikwa "Malipo ya mwisho wa mwezi". Hiyo si kadi, ni kazi ya miezi miwili. Tuliikata hivi: kwanza, jumla ya lita za mkulima mmoja kwa mwezi mara bei ya lita. Kisha makato ya pumba na mashudu aliyokopa dukani kwa chama. Kisha hati ya malipo inayochapwa kwenye karatasi. Kisha malipo ya wakulima wote kwa pamoja. Mwisho kabisa, kutuma pesa kwa simu. Kila kipande kina mtu anayenufaika nacho hata kama vingine havijazaliwa. Mhasibu aliposhika kile cha kwanza tu, aliacha kujumlisha daftari kwa kikokotoo, na makato akaendelea kuyatoa kwa mkono kwa muda.

Kadi inayosema "Tengeneza hifadhidata" irudishe. Hakuna mkulima wala karani anayenufaika na hifadhidata yenyewe.

Hatua ya 4: Chagua chumba cha kwanza

Tunajua wote jinsi nyumba zinavyojengwa kwetu. Kuna anayechimba msingi wa vyumba sita, pesa inaishia kwenye lenta, majani yanaota ndani kwa miaka. Na kuna anayejenga chumba na sebule, anapaua, anaweka mlango, anahamia, kodi ya kupanga inaisha, anaongeza kingine mwaka unaofuata. Mfumo ujenge kama huyu wa pili.

Maana yake kwa vitendo: kipande cha kwanza kipite kutoka kioo cha simu hadi kwenye hifadhidata na kurudi, japo ni chembamba sana. Usitengeneze skrini zote kwanza ukaacha seva (kompyuta kuu inayopokea na kutunza kumbukumbu), wala seva yote ukaacha skrini. Chetu cha kwanza kilikuwa na skrini moja tu, namba na kilo, bila ripoti, bila nywila ndefu, kwa kituo kimoja kati ya vinne. Mwenye kauli apange kadi zilizobaki kwa mstari mmoja, juu hadi chini, na zisiwepo mbili zenye nafasi moja. Zile za chini kabisa usizipoteze muda kuzifafanua. Nyingi hazitafikiwa, na si hasara: moja ya kanuni 12 za azimio inahimiza wazi kuongeza kiasi cha kazi ambayo hukulazimika kuifanya.

Hatua ya 5: Kadiria, kisha anza mzunguko

Mzunguko, au sprinti, ni muda usiobadilika ambao mwisho wake kuna kitu kinachofanya kazi. Skramu inataka usizidi mwezi mmoja. Sisi tulichagua wiki mbili kwa sababu chama hulipa kila mwezi, hivyo tulipata nafasi mbili za kurekebisha kabla ya kila malipo. Angalia mwendo wa biashara ya mteja wako ndipo uchague.

Kukadiria, tumia namba 1, 2, 3, 5, 8 na 13. Hazimaanishi saa wala siku, zinaonyesha uzito wa kadi ukilinganisha na nyingine. Kila mmoja aandike namba yake kwa siri, kisha wote wafunue kwa pamoja. James Grenning alibuni mchezo huu mwaka 2002, na faida yake kwetu ni kubwa kwa sababu mkubwa akisema namba yake kwanza, wadogo wataifuata kwa adabu. Siku moja tulikadiria kadi ya kumtumia mkulima ujumbe mfupi wenye lita zake. Watatu tulitoa 2, binti mdogo kuliko wote kwenye timu akatoa 8. Tukamwomba aeleze. Akauliza: je, aliyebadilisha laini? Na kaka wawili wanaotumia simu moja, ujumbe utajuaje ni wa nani? Tukakadiria upya, ikawa 8.

Baada ya mizunguko mitatu utaijua kasi yenu. Tuseme mmemaliza uzito wa 14, kisha 9, kisha 13: wastani ni 12. Kama kadi zilizobaki zina uzito wa 60, ni mizunguko mitano, wiki kumi. Mwambie mteja hivyo, na umwambie hesabu itasogea. Kasi hii usiitumie kulinganisha timu na timu wala mtu na mtu. Siku utakayofanya hivyo, kadi ya 3 itaanza kuitwa 8 na hesabu yako yote itakuwa imeoza.

Hatua ya 6: Ubao na kikao cha kusimama

Chora safu nne ukutani: Zinasubiri, Zinafanywa, Zinakaguliwa, Zimekwisha. Bandika kadi. Wazo la kuona kazi ikisogea kwa kadi ni la viwanda vya Toyota, Japani, alikofanya kazi Taiichi Ohno aliyeubuni utaratibu huo, na ndiko jina kanbani lilikotoka. Wengi huchukua ubao wakaacha kanuni inayoupa nguvu, nayo ni kikomo. Sisi tulikuwa wanne, na safu ya Zinafanywa haikuruhusiwa kuzidi kadi tatu. Kwa hiyo kila siku kulikuwa na wawili wanaokaa kwenye kompyuta moja, mmoja anaandika, mwingine anasoma na kuuliza. Mwanzoni meneja aliona ni kupoteza mtu. Baada ya mwezi kila sehemu ya msimbo ilikuwa na watu wawili wanaoielewa, na mmoja wetu alipofiwa akaenda msibani wiki nzima, kazi haikusimama.

Kila asubuhi simameni mbele ya ubao, dakika 15 zisizidi. Anzeni na kadi zilizo karibu na kumalizika: hii inakwamia wapi, nani amsaidie nani. Kikao hiki si cha kutoa taarifa kwa bosi. Ukiona kila anayeongea anakutazama wewe, sogea ukasimame nyuma yao. Timu ikitawanyika, au umeme ukikatika ofisini, kila mtu aandike mistari mitatu kwenye kundi la WhatsApp kabla ya saa tatu.

Hatua ya 7: Kubalianeni "imekwisha" maana yake nini

Hii ndiyo hatua ninayoijali kuliko zote. Timu nyingi huchukua vikao vya skramu vyote, zikaacha kazi ya mikono ya uandishi wa msimbo. Mizunguko miwili ya kwanza huenda vizuri. Wa tatu, kila kipya kinavunja cha zamani. Wa tano, mnatengeneza kasoro tu.

Kwetu kadi haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka mwenzako ameusoma msimbo, majaribio yamepita, imewekwa hewani kwenye simu ya majaribio, na yale ya nyuma ya kadi yamethibitishwa moja moja. Kadi iliyofika "asilimia tisini" ilihesabiwa sifuri.

Majaribio nayasema yale yanayojiendesha yenyewe. Kwa kugeuza kilo kuwa lita, tuliandika haya kabla ya kuandika msimbo wenyewe, kama Kent Beck anavyofundisha:

kilo 10 itoe lita 9.7
kilo 0 ikataliwe
kilo 200 ya mkulima mmoja iulize kwanza, huenda nukta imesahaulika
maziwa ya tarehe 31 yasiingie mwezi unaofuata

Kila mtu akisukuma msimbo wake kwenye Git, yaani zana inayotunza msimbo wa timu nzima na mabadiliko yake, majaribio yote yanakimbia. Likishindwa hata moja, hakuna anayeanza kadi mpya mpaka lirekebishwe. Sukumeni kila siku, ikiwezekana mara kadhaa. Anayekaa na msimbo wake wiki mbili huja kuuchanganya na wa wenzake siku ya mwisho, na siku hiyo ndiyo ya onyesho.

Ward Cunningham alifananisha msimbo wa kulipualipua na deni, mwaka 1992. Mfano huu mwambie mhasibu wa chama chochote atakuelewa papo hapo. Ukikopa ili uwahi, si vibaya, ila kila ukirudi kuugusa msimbo ule unalipa riba. Sisi tuliandika madeni yetu kwenye kadi nyekundu na kila mzunguko tulilipa angalau moja.

Hatua ya 8: Mpe mtumiaji simu, wewe nyamaza

Mwisho wa mzunguko fanyeni onyesho. Msionyeshe picha kwenye ukuta wa ofisi. Nendeni kituoni alfajiri, mpeni karani simu ya kawaida, ile ambayo chama kinaweza kuinunua, mikono yenu iwe mgongoni. Akikwama usimwelekeze. Hesabu moyoni mpaka kumi. Pale alipokwama ndipo kadi yenu inayofuata.

Onyesho la kwanza, karani alipokea wakulima wanane kwa simu, kisha akarudi kwenye daftari. Jua lilikuwa limechomoza na kioo hakisomeki. Ofisini tulikuwa tumechagua kijivu juu ya nyeupe, ikapendeza macho yetu. Kwa mzunguko wa pili tuliweka tarakimu nyeusi, kubwa kama kidole gumba. Onyesho la pili alipokea wote waliojua namba zao, na kwa watoto akatuambia, "Niwekeeni nitafute kwa jina la nyumba, kama ninavyowaita." Kadi hiyo ilipanda ikawa ya kwanza. La tatu alimaliza foleni nzima, daftari likiwa wazi mezani bila kuandikwa.

Kutazama watu wanavyotumia kunaweza kubadili hata lengo lenyewe. M-Pesa ilianza kujaribiwa Kenya Oktoba 2005 pamoja na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, ikiwa imekusudiwa marejesho ya mikopo midogo. Waliokuwa kwenye jaribio wakaanza kuitumia kwa mambo yao, ikiwemo kutumiana pesa wao kwa wao. Waliokuwa wakiendesha jaribio waliliona hilo na hawakulizuia. Safaricom ilipoizindua rasmi Machi 2007, huduma ilisimama juu ya kutuma pesa nyumbani. Kama jaribio lile lingekuwa limeandaliwa kama mradi wa kutimiza waraka, matumizi yale yangehesabiwa kuwa ni makosa ya wateja.

Baada ya onyesho, mwenye kauli apange upya kadi siku hiyo hiyo, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Meneja wetu aliteremsha mpaka chini kadi ya grafu za bodi, ambayo kwenye mkataba wa kwanza tulikuwa tumeitengea mwezi. Mpaka leo haijatengenezwa na hakuna aliyeiulizia.

Hatua ya 9: Kikao cha kujikosoa

Saa moja, timu peke yake, mwisho wa kila mzunguko. Tumefanya nini vizuri, nini kimetuumiza, tutabadilisha nini.

Kwetu ugumu ni heshima. Kijana hatamwambia kaka yake mkubwa wa kazi kwamba msimbo wake unawachelewesha. Atasema "kila kitu kiko sawa" na ataendelea kuumia. Dawa tuliyoiona ikifanya kazi: kila mtu aandike kwenye vikaratasi kimya kimya kwa dakika tano, vikusanywe, vichanganywe, visomwe na mtu mwingine. Kiongozi azungumze mwisho. Na mara ya kwanza kiongozi awe ameandika kosa lake mwenyewe. Langu lilikuwa kwamba nilikuwa nawapigia simu saa nne usiku, na kwenye vikaratasi lilitajwa mara tatu. Tukakubaliana simu za kazi zikome saa kumi na mbili jioni, na kweli zikakoma. Kati ya zile kanuni 12 ipo inayosema timu iende kwa mwendo inaoweza kudumu nao, na naamini ndiyo inayovunjwa zaidi katika kazi yetu.

Chagueni badiliko moja tu, liandikeni kwenye kadi, libandikeni ubaoni kama kazi nyingine.

Hatua ya 10: Mkataba na pesa

Hili huulizwa kila ninapoeleza njia hii: "Mteja anataka bei ya jumla na tarehe, utamwambiaje mambo yatabadilika?" Mpe bei na tarehe. Kinachobaki wazi ni kadi. Tuliandika hivi kwenye mkataba wetu wa pili: mizunguko kumi, bei moja, malipo baada ya kila mizunguko miwili, baada ya onyesho. Mteja akitaka kuongeza kadi yenye uzito wa 5, aitoe nyingine ya 5 ambayo haijaanzwa. Upande wowote unaweza kusitisha mwisho wa mzunguko, na chama kinabaki na msimbo wote uliofikiwa.

Kifungu cha mwisho kiliwaogopesha wenzangu. Kwa bodi ndicho kilichorudisha imani, maana mara ya kwanza walilipa nusu ya pesa wakasubiri miezi saba bila kuona kitu. Safari hii kila malipo yalikuja baada ya kitu ambacho karani alikuwa ameshakitumia.

Zabuni inayodai waraka kamili wa mahitaji mwanzoni huwezi kuikwepa. Andika waraka, lakini omba awamu ya kwanza iwe kipande kinachotumika kwenye kituo au ofisi moja.

Hatua ya 11: Mfumo ukishakuwa hewani

Mizunguko ya wiki mbili hubana pale maombi yanapoanza kuja kila siku: mkulima mpya, bei ya lita imebadilika, kituo kimepata mizani mpya. Hapo tuliacha sprinti tukabaki na ubao na vikomo vyake, kadi ikiisha nyingine inavutwa. Tuliongeza mstari mmoja juu kabisa kwa ajili ya dharura, wenye nafasi ya kadi moja tu. Anayetaka kuweka ya pili lazima amwombe mwenye kauli aiondoe ya kwanza. Onyesho na kikao cha kujikosoa vilibaki pale pale, mara moja kwa mwezi.

Toleo jipya tunalipeleka kwanza kituo cha yule karani. Likimaliza asubuhi tatu bila yeye kupiga simu, linakwenda vituo vingine vitatu. Na kuanzia tarehe 28 mpaka wakulima wote wapate malipo yao, hatupandishi hewani kitu chochote.